Uhifadhi wa unga nyumbani

Uhifadhi wa unga nyumbani ni namna ya kuweka unga wa ngano, wa mahindi na wa nafaka nyingine, pamoja na vitu vikavu vinavyotumika nao katika kuoka (sukari, chumvi, hamira, maziwa ya unga), ili vidumu kwa miezi au miaka bila kuharibika. Katika Afrika ya Mashariki jambo hili linagusa nyumba za aina nyingi: familia inayonunua gunia la kilo 50 kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, mama anayepika maandazi ya kuuza kila alfajiri, mkulima aliyevuna mahindi ya mwaka mzima, na kaya za pwani zinazoweka akiba kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Unga huharibiwa na mambo manne: unyevu, joto, hewa na wadudu. Kati ya hayo unyevu ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu huleta ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Kwa hiyo chombo kizuri peke yake hakitoshi. Unga au nafaka yenye unyevu ikifungwa katika ndoo yenye kifuniko kinachobana, unyevu ule hubaki ndani. Usiku kukipoa maji hujikusanya chini ya kifuniko na kuudondokea unga. Kukausha ni kazi ya kwanza, na kufunga ni ya pili.

Kwa nini unga haudumu kama punje

Punje ya ngano au ya mahindi ina sehemu tatu: pumba inayoifunika, kiini chenye wanga, na kiinitete ambacho ndicho huota kuwa mche. Kiinitete kina mafuta. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa mahali pake na hayakutani na hewa. Ikisagwa, mafuta huchanganyika na vimeng'enya na oksijeni, nayo huanza kuchacha: unga hupata harufu kali na ladha ya uchungu, hata kama hauna mdudu wala tone la maji.

Hii ndiyo tofauti kati ya dona na sembe. Dona husagwa pamoja na kiinitete na pumba, hivyo ina lishe zaidi lakini kwa kawaida haifai kuwekwa zaidi ya mwezi mmoja hadi mitatu katika joto la kawaida la nyumba. Ndivyo ilivyo pia kwa unga wa ngano isiyokobolewa, ule unaoitwa atta. Sembe na unga mweupe wa ngano umeondolewa sehemu kubwa ya mafuta, na ukiwekwa vizuri hudumu miezi sita hadi mwaka.

Mwenye nafasi ya kuchagua basi ahifadhi punje, na kusaga kidogo kidogo. Wazee waliokuwa na mahindi kihengeni na kutwanga ya siku mbili tatu hawakuwa na friji, lakini utaratibu wao ulikuwa sahihi. Ulezi ni mfano bora zaidi. Punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba wadudu wengi wa ghalani hawapati nafasi ya kukua ndani yake, na ukikaushwa vizuri unaweza kukaa miaka mingi. Kwa sababu hiyo katika sehemu nyingi za Afrika umekuwa akiba ya wakati wa njaa. Ngano nzima nayo ina sifa hiyo. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walioka mikate kwa ngano iliyokaa miongo kadhaa katika makopo yasiyopitisha hewa, na mikate hiyo ikalika. Hakuna unga unaoweza kufikia hapo.

Unyevu na sumukuvu

Kiwango cha unyevu hupimwa kwa asilimia ya uzito. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5. Unga wa ngano wa kiwandani kwa kawaida huwa na asilimia 14 au chini kidogo. Kwa akiba ya miaka mingi katika chombo kisicho na hewa, inafaa unyevu usizidi asilimia 10, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhifadhi punje badala ya unga, kwa kuwa punje huanikwa kwa urahisi.

Ukungu wa aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus hutoa sumu ziitwazo sumukuvu au aflatoksini. Huyapata hasa mahindi na karanga, tangu shambani na kuendelea ghalani. Sumu hizi hudhuru ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini hushindwa kufanya kazi, macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, na anaweza kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, hatari ya saratani ya ini huongezeka, zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini ya aina B. Joto la kupika ugali au kuoka mkate halitoshi kuziharibu.

Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa mahindi waliyoyalima wenyewe, ambayo yaliwekwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ugonjwa huohuo uliua watu nchini Tanzania katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Inafaa kuona kwamba maeneo haya ni makavu. Ukame hauzuii sumukuvu. Mmea uliopata shida ya maji hushambuliwa na ukungu kwa urahisi, na mvua chache zinazonyesha wakati wa mavuno hutosha kulowesha mahindi yaliyorundikwa sakafuni. Tena mahali penye njaa watu huvuna mapema na kuyaingiza mahindi ndani ya nyumba yasiibwe, kabla hayajakauka.

Viwango vya Jumuiya vinaruhusu sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, na aina ya B1 peke yake isizidi 5. Hicho ni kiasi ambacho jicho, pua na ulimi haviwezi kukitambua. Kuondoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizobunguliwa hupunguza sumu, na kukoboa hupunguza zaidi kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye pumba na kiinitete. Lakini mahindi yaliyoota ukungu yakishasagwa hayachambuliki tena.

Kipimo cha chumvi

Asiye na mashine ya kupimia unyevu anaweza kutumia chupa na chumvi. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, hutiwa kiganja kimoja cha chumvi iliyokaushwa, kisha punje hadi kufika theluthi ya chupa. Hufungwa na kutikiswa kwa dakika moja, halafu huachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, punje zina unyevu unaozidi asilimia 15 na hazifai kuwekwa. Isiponata, zimeshuka chini ya hapo.

Watu wengi huishia hapo na kufunga magunia. Asilimia 15 bado si 13.5, kwa hiyo ni vizuri kuzianika tena siku moja au mbili za jua kali baada ya chumvi kuacha kunata. Kuanika kuwe juu ya turubai, mkeka au chanja, si kwenye udongo mtupu, kwani ukungu huishi udongoni. Punje zilizotoka juani ziachwe zipoe kabla ya kufungwa. Zikifungwa zikiwa za moto zitatoa jasho.

Pwani na bara

Unga hubadilishana unyevu na hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hivi, unga mkavu hubaki salama. Ikipanda juu ya 70 kwa muda mrefu, unga hunyonya maji hadi ukungu unaweza kuota. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hupita kiwango hicho wakati wa masika, na mara nyingi hata nje ya masika. Mfuko wa karatasi au wa nailoni iliyosukwa haumlindi mtu wa pwani. Makete au Limuru hewa inaweza kuwa na unyevu pia, ila baridi huchelewesha kila kitu, wakiwemo wadudu.

Popote pale gunia lisiwekwe moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji wala kuegemezwa ukutani. Saruji hupitisha unyevu wa ardhini, na upande wa gunia unaogusa sakafu ndio huanza kuganda mabonge. Mbao mbili tatu chini yake zinatosha. Chumba kilicho juu ya jiko au chini ya bati lisilo na dari kina joto mno, na jikoni penyewe, karibu na sufuria inayochemka, ndipo mahali pabaya kuliko pote, ingawa ndipo unga unapokaa katika nyumba nyingi.

Wadudu

Wadudu wa ghalani ni wa makundi mawili. Wa kwanza hutoboa punje nzima: fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais), nondo wa nafaka (Sitotroga cerealella) na dumuzi (Prostephanus truncatus). Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na barani Afrika aliripotiwa kwanza katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea nchi nyingi. Hutafuna mahindi na makopa ya muhogo hadi yakabaki vumbi, naye hutoboa hata mbao.

Kundi la pili haliwezi kutoboa punje nzima, bali huishi katika unga na punje zilizovunjika. Anayejulikana zaidi ni mbawakawa mwekundu wa unga (Tribolium castaneum), mdudu wa rangi ya kahawia nyekundu mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4. Jike hutaga mamia ya mayai madogo yanayonata kwenye chembe za unga. Katika joto la pwani yai huwa mdudu kamili kwa muda wa mwezi hivi, na mdudu mzima anaweza kuishi zaidi ya mwaka. Chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kuzaliana kwake karibu husimama. Wakizidi, hutoa kemikali ziitwazo kwinoni zinazoupa unga harufu mbaya na rangi ya waridi. Kuuchekecha unga kama huo huondoa wadudu tu, kemikali hubaki.

Wapo pia utitiri wa unga, ambao hawaonekani bila kioo cha kukuzia. Kwa watu wenye mzio, kula chapati au keki ya unga uliojaa utitiri kumewahi kuleta shambulio la ghafla la kubanwa pumzi, hata baada ya unga kupikwa.

Mara nyingi wadudu huingia nyumbani wakiwa tayari ndani ya unga ulionunuliwa, kama mayai. Mwenye friza anaweza kuweka pakiti za kilo 2 humo kwa siku 4 katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na mayai yatakufa. Pakiti ikitolewa isifunguliwe hadi ipate joto la chumba, la sivyo hewa yenye unyevu itaulowesha unga baridi.

Vyombo

Debe la bati, lenye ujazo wa karibu lita 20, lilitumika miaka mingi na bado linafaa: panya hawezi kulitoboa, mwanga hauingii, na likizibwa vizuri hewa haipiti kwa wingi. Kasoro yake ni kutu. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha mpira hubeba takriban kilo 12 za unga au kilo 17 za sukari kwa kila lita 20. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi ya nyumba, dawa ya mimea au sabuni za kiwandani isitumike hata ikioshwa mara kumi, maana plastiki hunyonya kemikali na kuzitoa baadaye polepole. Mtungi wa udongo hupumua, hivyo unafaa maji kuliko unga.

Kwa punje, njia iliyoleta mabadiliko makubwa ni mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko wa PICS ulianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walishughulikia kunde zilizoliwa na wadudu. Una mifuko miwili ya plastiki nene ndani ya gunia la kawaida. Wadudu waliomo huvuta oksijeni iliyobaki na kutoa dioksidi kabonia. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 5 huacha kula, kisha hufa. Hakuna dawa inayohitajika. Ila mfuko ukitobolewa na panya au ukifunguliwa kila siku kuchota kibaba, unakuwa gunia la kawaida. Afadhali kuwa na mifuko kadhaa, mmoja wa kula na mingine ya kungoja.

Kwa unga, wadudu wakiwa hawapo, oksijeni huondolewa kwa vifuko vidogo vya unga wa chuma ambao hushika oksijeni wakati wa kupata kutu. Vilianza kuuzwa na kampuni ya Kijapani ya Mitsubishi Gas Chemical mwaka 1977. Katika ndoo ya lita 20 iliyojaa unga, karibu nusu ya nafasi ni hewa iliyo kati ya chembe, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hiyo, yaani takriban lita 2. Vifuko viwe na uwezo wa kuzidi kiasi hicho kidogo. Plastiki ya ndoo yenyewe hupitisha hewa polepole, kwa hiyo unga huwekwa kwanza katika mfuko wenye tabaka la alumini unaozibwa kwa pasi. Njia hii ni ya vitu vikavu na visivyo na mafuta mengi peke yake. Chakula chenye unyevu kikikosa oksijeni kinaweza kuota bakteria wa botulini, ambao sumu yao huua.

Kila chombo kiandikwe tarehe, na kilichoingia kwanza kitumiwe kwanza. Unga mpya usimiminwe juu ya wa zamani. Mabaki ya chini ndiyo kitalu cha wadudu.

Majivu, majani na dawa

Majivu makavu yaliyochanganywa na punje hukwaruza ngozi ya wadudu na kujaza nafasi wanamopita, na njia hii hufanya kazi ikiwa majivu ni mengi. Majani ya mwarobaini hufukuza baadhi ya wadudu. Pilipili kavu na majani yenye harufu yanayowekwa juu ya unga hayaui mayai yaliyomo, na hayapaswi kutegemewa peke yake.

Dawa za vumbi zinazouzwa madukani ni za punje, nazo hutumiwa kwa kipimo na muda wa kungoja uliotajwa kwenye pakiti. Haziwekwi katika unga kamwe, kwa kuwa unga hauoshwi wala haukobolewi. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini ni hatari zaidi: gesi hiyo huua watu, na vidonge havipaswi kutumiwa ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kimoja.

Vitu vingine vya kuokea

Sukari na chumvi havina ukomo wa kukaa, mradi visipate maji. Sukari iliyoganda ni salama na hupondwa. Havihitaji vifuko vya kuondoa oksijeni. Chumvi yenye madini joto hupoteza madini hayo polepole ikiwa wazi kwenye unyevu, kwa hiyo yafaa kufunikwa.

Hamira kavu ni viumbe hai waliolala. Pakiti isiyofunguliwa hukaa hadi miaka miwili. Ikifunguliwa iwekwe katika kichupa ndani ya friji na itumiwe kwa miezi minne hadi sita. Ili kuijaribu, kijiko kidogo huchanganywa na maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu kwa dakika 10 imekufa. Maji ya moto huiua, na hamira nyingi hulaumiwa bure kwa kosa hilo.

Bekingi pauda ina tindikali kavu pamoja na bikaboneti, nazo hukutana taratibu kila hewa yenye unyevu inapoingia kwenye kopo. Kijiko kikitiwa katika maji ya moto lazima kitoe mapovu mara moja. Bikaboneti peke yake hudumu zaidi, na hujaribiwa kwa ndimu au siki. Maziwa ya unga yenye mafuta huchacha upesi kuliko yaliyoondolewa mafuta.

Unga wa lishe

Unga wa uji wa watoto unaosagwa kwa kuchanganya mahindi, karanga, soya na ulezi unastahili kutajwa peke yake. Karanga na soya zina mafuta mengi, hivyo mchanganyiko huchacha kwa wiki chache. Karanga na mahindi ndizo nafasi kubwa za sumukuvu, na mlaji ni mtoto mdogo anayekula uji huohuo kila siku. Kuchanganya vitu vingi hakuongezi uhai wa unga. Kila kimoja huleta udhaifu wake. Inashauriwa karanga zichambuliwe moja moja kabla ya kukaangwa, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, na usagwe unga wa wiki mbili au tatu tu.

Unga ulioharibika

Unga wenye wadudu wachache na usio na harufu unaweza kuchekechwa na kutumiwa mapema. Unga uliochacha hauna sumu kali, lakini ladha yake hairudi. Unga wenye mabonge yaliyoota ukungu, wenye harufu ya uvundo, au uliosagwa kutokana na mahindi yaliyooza hutupwa wote. Kuondoa sehemu iliyobadilika rangi hakutoshi, maana nyuzi za ukungu na sumu yake hupita mbali kuliko rangi inavyoonekana.

Desturi ya kuwapa kuku au ng'ombe unga kama huo si salama. Sumukuvu zenyewe ziligunduliwa kwa njia hiyo: mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa. Unga huo huzikwa au huchomwa mbali na mifugo, na chombo chake huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha huanikwa juani hadi kikauke kabisa kabla ya kutiwa unga mwingine.